Kipepeo Huyu, Kipepeo Hiki

Mamkwe wangu alikuwa akimpepea mwanangu mwenye homa pale mlinzi wa msitu alipomtoa kipepeo chake mkononi. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo nilipokasirika, na hasira zenyewe hazijesha.

Mtoto alikuwa na miezi tisa. Tulikuwa barazani, mimi nimempakata, mamkwe anampepea kwa kipepeo cha ukindu alichokisuka mwenyewe, chenye mkono wa mti na pindo jekundu. Mlinzi alifika kwa baiskeli, akaiegemeza kwenye mchungwa, akapiga hodi kwa adabu zote. Alikuwa kijana wa Ole, ana wiki mbili tu kazini, na kofia aliyopewa na serikali ilimzidi kichwa.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kuna dafu hapo, jikatie."

"Ahsante, nimeshiba. Bi mkubwa, hicho kipepeo umekipata wapi?"

"Nimekisuka."

"Na ukindu umeutoa wapi?"

"Ngezi. Ungetoka wapi, Makka?"

Basi akanyoosha mkono akakichukua, taratibu, kama mtu anayemtoa nzi kwenye chai. Akasema ni amri. Akakunjua karatasi iliyopigwa chapa, akasoma kwa sauti ya skuli: "Kipepeo cha Ngezi ni adimu. Kipepeo hiki hakiruhusiwi kuchukuliwa, kuuzwa wala kutolewa nje ya msitu. Atakayekutwa nacho atashitakiwa."

Mamkwe akanitazama. Akacheka. "Naona joto limewafika mpaka serikalini."

Kijana hakucheka. Alivikusanya vipepeo vyetu vyote vilivyotundikwa ukutani, akachukua na mundu wa mamkwe, akavifunga nyuma ya baiskeli. Akasema kuanzia siku ile mwanamke yeyote asitie mguu Ngezi, kwa ukindu wala kwa kuni, kwa kuwa huko ndiko vipepeo vinakoanzia. Kisha akamwombea mtoto afya na kuondoka. Mtoto alibaki anatokwa na jasho, namfuta kwa ncha ya kanga.

Ngezi kwetu si mahali pa kwenda kutembea. Ni jikoni. Kijiji chetu kiko ukingoni mwake, upande wa Konde. Miti mikubwa ikiisha, kabla hujafika pwani, pana ardhi ya mchanga mweupe iliyojaa vichaka vifupi vyenye majani membamba kama sindano. Sijaviona vichaka vile popote pengine Pemba. Tunapaita uwandani. Wanawake hukata vijiti vyake vya kuwashia moto, maana vikikauka siku mbili hushika kama karatasi. Na pale uwanda unapokutana na miti, penye unyevu, ndipo ilipo mikindu. Mamkwe ni mjane. Jamvi la kuanikia karafuu, mkeka wa kulalia, mkeka wa kumfunika maiti, vyote vilitoka kwenye vidole vyake, na ukindu wake wote ulitoka pale. Kumzuia Ngezi ni kumkata mikono.

Mimi si mzaliwa wa hapo. Nimezaliwa Gando, nikasomeshwa hadi sekondari huko Unguja, kisha mwaka mmoja kabla ya mtihani wa mwisho nikaambiwa inatosha, mume yupo. Nililia wiki nzima halafu nikaolewa. Somo nililolionea uchungu zaidi ni la viumbe, maana tulikuwa tumeachia katikati: mwalimu alikuwa ametuchorea yai na kiwavi, akatuahidi yaliyobaki muhula ujao. Muhula ujao mimi nilikuwa natiwa hina.

Kwa hiyo nilipokwenda uwandani mara ya kwanza na mamkwe, nilikwenda na macho yasiyokuwa na kazi. Nilipomwona kipepeo yule niliweka mzigo chini.

Ni mdogo. Akifunua mbawa hafikii urefu wa kidole changu cha shahada. Rangi yake ni ya karafuu iliyoanikwa siku ya pili, si nyekundu tena na si nyeusi bado. Akizifunga mbawa, upande wa chini una vidoa vyeupe vilivyopangana kama punje za mchele kwenye ungo. Huruka chini chini, usawa wa goti. Hupiga mbawa mara tatu, nne, kisha huteleza bila ya kupiga, kama mtoto aliyekimbia akaserereka kwenye tope. Na katika uwanda wote ule, nilimwona mahali pamoja tu, kipande kisichozidi viwanja viwili vya nyumba.

"Mama, yule anaitwaje?"

"Kipepeo."

"Wa namna gani?"

"Wa namna hino." Mamkwe alikuwa ameinama anakata. "Yuno hutufuata sisi. Tunapokata leo, mwakani yupo. Tusipokata, hayupo."

Nilidhani ananizuga, bi harusi mgeni. Lakini nilikuwa na daftari la skuli lenye kurasa tupu, na mtu mwenye kurasa tupu hawezi kukaa bure. Nikaanza kuandika. Wanawake wale hawakati ovyo. Mwaka huu kipande hiki, mwakani cha pili yake, mwaka wa tatu kingine, mpaka wanazunguka na kurudi pale pa mwanzo pakiwa pameshaota tena. Hakuna aliyewafundisha wala aliyeandika popote. Ukiwauliza wanasema "ndivyo kunavyokatwa." Na mamkwe kabla ya kuingia husimama, akasema hodi kwa wenyewe wa msitu, wasioonekana. Mimi nilicheka mara moja tu, akanitazama, sikurudia.

Nilichokiona ni hiki. Vichaka vikikatwa, jua hufika chini. Jua likifika, huota kijimea kifupi chenye maua ya zambarau, ambacho hata mbuzi hakitaki. Mamkwe alikiita majani ya jua. Chini ya majani hayo nilikuta vijiyai vimebanana, vya manjano, kama ukidondosha punje za semolina. Nikachukua jani moja lenye kiwavi mweusi mwenye miiba, nikalitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunika kwa kitambaa cha neti. Mimba yangu na kopo langu vilikuwa vinakwenda pamoja. Nikampa majani mengine ya kila aina, akayakataa. Majani ya jua tu. Siku moja akajining'iniza kichwa chini, akajikunja, akawa kitu kama mbegu yenye madoa. Siku ya kumi nilipoamka, alikuwa ametoka, amekaa juu ya kitambaa, anakausha mbawa. Nililia. Lile ndilo somo la muhula ujao, nimelipata jikoni, na hakuna aliyenipa mtihani.

Basi mlinzi aliposoma karatasi yake nilijua hapo hapo inamsema nani. Majuma machache kabla, Mzungu aliyekuwa mkuu wa misitu alikuwa ameonekana uwandani akikimbia na wavu wa kijiti kirefu. Watoto walirudi kijijini wakisema kuna Mzungu anavua samaki nchi kavu. Alikuwa amemwona kipepeo wangu, amemwandikia marufuku, na marufuku ikakiendea kipepeo cha mamkwe.

Na aliyeipiga chapa karatasi ile alikuwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya Mzungu huyo huko Wete, akija nyumbani kila Alhamisi. Alhamisi hiyo alikuta sijampakulia. Niliiweka karatasi mbele yake, maana mlinzi alikuwa ameibandika nyingine kwenye mnazi wa njia panda na mimi nikaibandua.

"Hii mashine ni yako. Herufi yenu ya 'k' imekatika mguu, naijua."

Akaitazama. "Ndiyo."

"'Kipepeo hiki.' 'Atakayekutwa nacho.' Wewe umezaliwa wapi?"

"Mzungu mwenyewe ndiye aliyeandika. Ana kitabu cha sarufi. Kitabu kinasema neno likianza na ki, basi ni hiki."

"Na wewe Kiswahili umekisoma kwenye kitabu chake?"

"Mama wee, mkubwa akiandika, karani anapiga chapa. Nimwambie nini? Nimwambie hujui?"

"Mwambie kiboko hiki ni cha kuchapia watu na kiboko huyu anakula watu! Mwambie kipepeo hiki cha kupepea, kipepeo huyu anaruka! Mama yako kanyang'anywa mundu kwa herufi zako."

Akauliza chakula.

"Kijana hiki hakili leo," nikasema. "Kijana hiki kimeshiba kitabu cha sarufi."

Mamkwe, aliyekuwa ndani anajifanya hasikii, akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Mpe wali mwanangu," akasema kutoka ndani. "Hata kama ni kino." Kwake hiki ni kino.

Alikula. Lakini alikataa kwenda kumsahihisha Mzungu. Aliogopa kazi yake, na sikumlaumu sana, kwa kuwa wengi waliitamani. Ndipo nilipokaa mimi nikaandika barua kwa Kiingereza changu cha skuli, kifupi na bila maua. Nikaeleza huyu na hiki. Nikaeleza kwamba wanawake hawajachukua mdudu yeyote, wamechukua ukindu. Nikataka mundu urudi. Nikamtilia mume wangu barua kwenye mkoba na kumwambia kwamba isipofika, nitaipeleka mwenyewe na mtoto mgongoni. Ilifika.

Mzungu akaja. Alikuja na gari, na mlinzi nyuma kwa baiskeli, na mume wangu wa kufasiri, amevaa shati la Idi kama anakwenda kuposa. Mzungu alikuwa mtu mrefu mwenye magoti mekundu, mpole wa maneno. Alicheka sana juu ya huyu na hiki, akatoa kalamu, akaandika "huyu" kwenye karatasi niliyoibandua mnazini. Nikadhani yamekwisha.

Kisha akasema neno, na mume wangu akachelewa kulifasiri.

"Anasema sasa imekuwa wazi. Tena ndiyo vizuri zaidi wanawake wasiingie. Huyu kipepeo makazi yake ni vichaka vile, na nyinyi mnavikata."

Mlinzi akaitikia kwa kichwa. Mundu ulikuwa bado umefungwa kwenye baiskeli yake.

Sikumsubiri mume wangu. Nilimwambia Mzungu moja kwa moja kwa lugha yake kwamba nataka kumwonyesha kitu, na si mbali. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatangulia. Mamkwe akafuata, Mzungu akafuata, mlinzi na mume wangu nyuma kabisa. Tulipofika ukingoni mamkwe akasimama akapiga hodi kwa wenyewe. Mzungu, aliyeelewa neno hilo, akasema "karibu", akidhani anazungumzishwa yeye. Mamkwe akaninong'oneza: "Kumbe ndiye yeye." Nusura nianguke na mtoto kwa kucheka.

Nikampeleka kwanza pale palipoachwa muda mrefu. Vichaka vya kifuani, giza chini, hakuna ua. Tukasimama tukatazama. Hakuna kipepeo. Kisha nikampeleka palipokatwa mwaka uliopita. Majani ya jua yamejaa, maua ya zambarau, na wao wapo, saba, wanane, wanateleza usawa wa magoti yake mekundu. Nikageuza jani nikamwonyesha mayai. Akapiga magoti mchangani. Akakaa hivyo muda mrefu, uso karibu na ardhi, na nikiri kwamba kwa muda ule nilimpenda kidogo, maana nami nilikaa hivyo hivyo nilipoyaona mara ya kwanza.

Aliuliza ni nani aliyeligundua hili. Nikamwonyesha mamkwe, aliyekuwa anachagua kijiti cha kuchokolea meno.

Hakuamini yote, na haki yake. Mimi pia sikuamini mpaka nilipoandika. Akasema tupime. Akaamuru vigingi viwili vya rangi nyeupe: upande mmoja tukate kwa zamu kama kawaida yetu, upande wa pili, ule wenye mikindu mingi, usiguswe na mtu kwa misimu miwili, kisha atazame wamebaki wapi. Kwangu mimi mtihani ulikuwa mzuri. Kwa mamkwe ulikuwa nusu ya riziki imefungwa ili Mzungu aamini jambo ambalo yeye analijua tangu yungali mwari. Mundu wake alirudishiwa siku ile. Kipepeo chake hakikurudi. Mlinzi alisema kiko ofisini, ni kielelezo.

Misimu miwili ile niliandika zaidi kuliko nilivyowahi kuandika skuli. Kila wiki nilikwenda kwenye vigingi, kwanza na mtoto mgongoni, baadaye akitambaa, baadaye akikimbia mbele yangu na kukanyaga nilichotaka kuhesabu. Zilikuwa zama za siasa, kabla ya uhuru, watu wamegawanyika hata huyu haingii dukani kwa yule, na fundi cherehani aliniita siku moja akaniuliza kwa siri, "Hebu niambie, huyo kipepeo wenu chama gani?"

"Hajajiandikisha," nikamwambia.

Mlinzi alianza kuja nami. Mwanzo alikuja kunichunga nisiibe, baadaye akaja kwa sababu naye ameshikwa na hamu ile ile. Alikuwa na macho makali kuliko yangu. Ndiye aliyeona kwamba jike hatagi kwenye jani lililo kivulini hata kidogo, hata kama ni la yale majani ya jua. "Dada, tazama, anaonja kwa miguu," aliniambia, na kweli, alikuwa anapiga jani kwa miguu kabla ya kutaga, kama mnunuzi anayebinya papai. Sijui mpaka leo anaonja nini. Natamani kujua kuliko ninavyotamani vitu vingi.

Msimu wa kwanza pande zote mbili zilikuwa nao. Mzungu alipopita alitazama, akanyanyua mabega. Mwaka ule mamkwe alisuka mikeka miwili pekee, na mmoja ulimfunika jirani yetu. Msimu wa pili upande uliofungwa vichaka vilifika kifuani mwangu. Majani ya jua yakawa marefu, mekundu, kisha yakafa. Nikapita pale asubuhi sita mfululizo sikuona hata mmoja. Upande wetu walikuwa wengi mpaka mlinzi akapoteza hesabu na kuanza upya mara mbili.

Mzungu alikuja, akaona, akasema haki yetu imethibiti. Nilimpa daftari langu alinakili, na akalirudisha safi, naye simsemi kwa hilo. Yaliyobaki ni tangazo jipya.

Alhamisi mume wangu alirudi na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Mzungu. Hakuwa ameipiga chapa. Aliniwekea mezani kabla hata ya kuvua viatu, akakaa.

Nikasoma. Huyu alikuwa huyu, kila mahali, sarufi safi. Mpaka mstari wa mwisho: "Wanawake wa kijiji wameshauriwa kukata vichaka kwa zamu, kipande baada ya kipande, kwa faida ya kipepeo huyu. Hawatazuiliwa."

Nikasoma tena. "Wameshauriwa," nikasema. "Na nani?"

"Ndiyo maana sijaipiga."

"Nani kamshauri mama yako kukata kwa zamu? Huyu aliyefunga nusu ya uwanda? Yeye ndiye aliyeshauriwa! Alishauriwa akiwa amepiga magoti!"

"Usinipigie kelele mimi," akasema. "Nimekuja kukuuliza niandike nini."

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniuliza hivyo. Hasira zilinibaki mdomoni hazina pa kwenda. Nikachukua penseli ya daftari, nikakata "wameshauriwa kukata vichaka" mstari mmoja, juu yake nikaandika "wametushauri kwamba vichaka vikatwe". Akaitazama herufi kwa herufi, midomo yake ikisogea.

"Ataona," akasema.

"Aone."

Wiki iliyofuata mlinzi alifika, baiskeli kwenye mchungwa, hodi, shikamoo. Kofia sasa inamkaa. Kwanza alimpa mamkwe kipepeo chake, pindo jekundu limefifia, mkononi kimefungwa kipande cha karatasi chenye namba na neno "kimoja". Halafu akakunjua tangazo lenye sahihi ya Mzungu chini yake. Kama Mzungu alilisoma au alitia sahihi tu, sijui. Mume wangu anasema alilisoma, akavua miwani, akasema neno moja, kisha akasaini. Neno lenyewe hataki kuniambia, na nimemuuliza hata nimechoka.

"Wanawake wa kijiji wametushauri," mlinzi akasoma, "kwamba vichaka vikatwe kwa zamu, kipande baada ya kipande, kwa faida ya kipepeo huyu. Hawatazuiliwa."

"Soma tena hapo," mamkwe akasema.

Akasoma tena.

"Hapo mwanzo tu."

"Wanawake wa kijiji wametushauri."

Mamkwe akakitundika kipepeo ukutani pamoja na karatasi yake ya namba, akautoa mundu kwenye paa, akaupima makali kwa kidole gumba. Ukindu wa miaka miwili ulikuwa unamngoja upande wa pili wa kigingi.

"Haya, mwanangu," akamwambia mlinzi. "Niondolee baiskeli yako, unaniziba njia."